Elisi Katika Nchi ya Ajabu: Kitabu Kipendwacho na Kilaumiwacho



Leo tumekusudia kuzungumza habari ya kitabu kimoja cha watoto. Huenda mtu akasema, “Je, kitabu cha watoto ni jambo la kuwashughulisha watu wazima?” Twajibu kwamba ndilo, kwa sababu kitabu hiki kimewagawa wasomaji wake tangu kilipotolewa. Wengine hukipenda hata wakakisoma mpaka uzeeni. Wengine hukifunga kabla ya kufika katikati, wakiuliza maana yake ni nini. Na mgawanyiko huo upo hata kwetu, miongoni mwa walimu na wazazi. Basi na tutazame asili yake, kisha tuone kila upande una haki gani.

Kitabu chenyewe huitwa kwa Kiswahili “Elisi Katika Nchi ya Ajabu.” Aliyekitunga alikuwa Mwingereza, jina lake Charles Lutwidge Dodgson, aliyezaliwa mwaka 1832. Alikuwa mwalimu wa hesabu katika chuo cha Christ Church, Oxford, naye alikuwa shemasi wa Kanisa lake. Alikuwa mtu mpole, mwenye kigugumizi, apendaye utaratibu katika kila jambo. Katika vitabu vya kuchekesha hakutumia jina lake, bali alijiita Lewis Carroll.

Siku ya tarehe 4 Julai 1862, Bwana Dodgson na rafiki yake, Robinson Duckworth, walipanda mashua katika Mto Thames pamoja na watoto watatu wa kike wa mkuu wa chuo, Bwana Liddell. Majina yao ni Lorina, aliyekuwa na miaka 13. Alice, miaka 10. Na Edith, miaka 8. Watoto wakaomba hadithi, kama watoto wa kila nchi wafanyavyo wakiwa safarini. Mwalimu akaanza kutunga papo hapo, bila kujua hadithi itamfikisha wapi, naye akampa mtoto aliye ndani ya hadithi jina la yule wa kati. Walipokwisha kurudi, Alice akamsihi amwandikie. Akakubali, akaandika kwa mkono wake na kuchora picha mwenyewe, akampa kitabu hicho mwezi wa Novemba 1864.

Yafaa sisi wa Ziwa tukumbuke jambo moja hapa. Katika mwezi ule ule wa Julai 1862, tarehe 28, John Hanning Speke alisimama mahali ambapo Mto Nile hutoka katika ziwa letu. Ziwa hilo alikuwa ameliona mara ya kwanza tarehe 3 Agosti 1858, karibu na Mwanza, akalipa jina la Malkia wake, ijapokuwa wenyeji walikuwa na majina yao tangu kale. Basi, wakati Mwingereza mmoja alipokuwa akitafuta nchi asiyoijua na kuiandika katika ramani, mwenziwe alikuwa katika mashua ndogo, akibuni nchi isiyoweza kuandikwa katika ramani yo yote.

Kitabu kilipigwa chapa mwaka 1865 na kampuni ya Macmillan, kikiwa na picha 42 za mchoraji John Tenniel. Nakala 2,000 za kwanza zilizuiliwa zisiuzwe, kwa kuwa Tenniel hakuridhika na jinsi picha zake zilivyotokea, ikawa lazima kupiga chapa upya.

Hadithi yenyewe ni hii kwa ufupi. Mtoto ameketi kando ya mto, amechoka kwa kukosa la kufanya. Mara apita Sungura mweupe mwenye koti na saa mfukoni, akilalamika kwamba amechelewa. Mtoto amfuata, aanguka katika shimo refu, na huko chini aona mambo yasiyo na mfano. Akinywa kitu hupungua kimo hata kuwa kama kidole. Akila kitu hurefuka hata shingo yake ikapita miti. Akutana na Kiwavi avutaye kiko, na paka anayetoweka polepole mpaka libaki tabasamu lake tu. Afika penye karamu ya chai ambapo saa zimesimama, kwa kuwa mshona kofia mwenye wazimu amegombana na Wakati, nao Wakati umekataa kwenda. Daima ni saa kumi na mbili ya jioni, na chai haiishi, wala vikombe havioshwi. Mwisho yuko mbele ya Malkia wa Kopa, ambaye watu wake wote ni karata, naye kwa kila kosa huamuru mkosaji akatwe kichwa. Mtoto asimama barazani na kusema kwamba hao si kitu, ni karata tupu. Hapo karata zaruka juu na kumwangukia usoni, naye aamka usingizini kando ya mto.

Tangu mwanzo watu hawakupatana juu yake. Mwezi wa Desemba 1865 gazeti la London liitwalo Athenaeum lilikiona ni ndoto iliyotungwa kwa kujilazimisha, itakayomtatiza mtoto kuliko kumfurahisha. Lakini watoto hawakuifuata hukumu hiyo. Mwaka 1869 kitabu kilikuwa kimekwisha kutafsiriwa kwa Kijerumani na Kifaransa, na mwaka 1964 mtaalamu wa hesabu wa Marekani, Warren Weaver, aliandika habari za tafsiri zake katika lugha 47. Kwa upande mwingine, mwaka 1931 mtawala wa jimbo la Hunan nchini Uchina alikipiga marufuku, kwa kuwa aliona ni vibaya wanyama kusema maneno ya binadamu, na watoto kufundishwa kuwaona wanyama na watu kuwa sawa.

Tusimcheke mtawala huyo upesi. Sisi tuliolelewa kwa hadithi za Sungura na Fisi twaweza kushangaa kwamba mtu aweza kuogopa mnyama asemaye. Lakini hofu iliyo nyuma ya amri yake ni hofu ya kila mzazi: kwamba kitu kiingiacho katika moyo wa mtoto kwa njia ya kicheko hakitoki tena.

Basi kitabu hiki kilifikaje kwetu? Mwaka 1928 wajumbe wa nchi za Afrika Mashariki walikutana Mombasa, wakakubaliana kwamba Kiswahili cha Unguja ndicho kiwe msingi wa lugha ya vitabu na shule. Mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya nchi hizo, na katibu wake wa kwanza alikuwa Frederick Johnson. Ilionekana kwamba shule zina haja ya vitabu vya kusoma, na njia iliyokuwa nyepesi ilikuwa kutafsiri vya Kiingereza. Ndipo zikatokea “Mashimo ya Mfalme Sulemani” na “Kisiwa Chenye Hazina,” na baadaye “Safari za Gulliver.” Mwaka 1940, katikati ya vita, kampuni ya Sheldon Press ya London ikatoa “Elisi Katika Nchi ya Ajabu,” tafsiri ya Bibi E. V. St Lo Conan-Davies. Katika picha za kitabu hicho Elisi si mtoto wa Kizungu tena. Amechorwa kuwa msichana wa Kiafrika.

Miaka 75 baadaye, mwaka 2015, ikatoka tafsiri mpya ya Ida Hadjivayanis, “Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu.” Kitabu kisichopendwa na mtu hakitafsiriwi mara mbili.

Sasa tuwasikie wanaokilaumu. Lawama yao ya kwanza ni kwamba hadithi haina funzo. Sungura hapati adhabu kwa kuchelewa, wala Malkia hatubu. Mtoto hufuata mgeni shimoni bila kumwaga mama yake, hula na kunywa vitu asivyovijua, na mwishowe haambiwi kwamba alikosa. Mzazi wa kijijini, ambaye kila siku humkanya mwanawe asipokee kitu kwa mtu asiyemjua, ana haki ya kuuliza swali hapo.

Lawama ya pili ni ya desturi. Karata, katika nyumba nyingi za wacha Mungu, hazitajwi ila pamoja na kamari. Kiwavi avutaye kiko mbele ya mtoto si mfano mwema. Tena Sungura huyu si Sungura tumjuaye. Sungura wetu ni mjanja, humshinda Simba na kumdanganya Fisi. Sungura wa Elisi ni mtumishi mwenye hofu, atetemekaye akikumbuka kwamba bibi mkubwa anamngoja. Mtoto wa Ziwa akimwona hujihisi kama aliyepelekewa ndugu yake akiwa mgonjwa.

Lawama ya tatu ni ya lugha. Nusu ya kicheko cha kitabu hiki ni mchezo wa maneno. Kwa Kiingereza neno la hadithi na neno la mkia husikika kwa sauti moja. Basi Panya asemapo kwamba hadithi yake ni ndefu na ya huzuni, mtoto hutazama mkia wake na kustaajabu. Kwa Kiswahili hadithi ni hadithi na mkia ni mkia, kicheko kimekwisha kufa njiani. Tena mashairi yaliyomo ni dhihaka ya mashairi ambayo watoto wa Kiingereza wa zamani zile walilazimishwa kuyakariri, mengine ya Isaac Watts, yaliyojaa maonyo ya bidii na utii. Asiyejua shairi la kwanza hawezi kucheka la pili.

Lawama ya nne ndiyo iliyo nzito kwetu, nayo haihusu ndoto ya Elisi, yahusu kisiwa cha Ukerewe. Huko aliishi Bwana Aniceti Kitereza, aliyezaliwa mwaka 1896, akasoma kwa Mapadre Weupe, akawa mtu wa kuhifadhi habari za wazee wake. Mwaka 1945 alimaliza kuandika kwa Kikerewe kitabu kikubwa cha Bwana Myombekere na mkewe Bibi Bugonoka, watu wawili waliopendana bila kupata mtoto, wakisumbuliwa na maneno ya ndugu. Ndani yake mna kilimo, uvuvi, pombe, ndoa, dawa na maziko, yote kama yalivyokuwa katika pwani ya Ziwa hili. Hakikupata mtu wa kukipiga chapa. Mtunzi akakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili katika uzee wake, na mwaka 1980 kikatolewa na Tanzania Publishing House. Mwaka 1981 akafariki, nakala zenyewe hazijamfikia mkononi.

Pimeni wenyewe. Mwaka 1940, dunia ikiwa vitani, karatasi na wino vilipatikana London kwa ndoto ya mtoto wa Oxford kusemwa kwa Kiswahili. Mwaka 1945 Mkerewe alimaliza kitabu cha nchi yake, akangoja miaka 35. Mtu akiona uchungu anapokitazama kitabu cha Elisi rafuni, tusimwambie kwamba hajui kucheka. Anacholilia ni nafasi ya mwingine iliyokosekana.

Liko na neno la tano, nalo twalitaja kwa uangalifu. Bwana Dodgson alipenda sana urafiki wa watoto wa kike, akawapiga picha nyingi. Mwaka 1863 urafiki wake na nyumba ya Liddell ulivunjika ghafula, na ukurasa wa siku hizo katika daftari yake ya kila siku umekatwa. Wako wamshukuo kwa ubaya, wako wamteteao, na mabishano hayajaisha. Msomaji akisitasita kwa ajili hiyo, hatuwezi kumlaumu.

Hizo ndizo lawama. Na wapendao hujibu nini?

Hujibu kwanza kwa mdomo wa wazee. Watu wa pwani, msimulizi aitapo “Hadithi! Hadithi!” huitikia, “Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea.” Sisi wa bara nasi tumelijifunza itikio hilo shuleni. Hebu liangalieni. Halisemi “Funzo njoo.” Huita uongo waziwazi, kwa jina lake, kama mgeni mwenye heshima, nao uongo huja na utamu. Wazee walijua kwamba mtoto ana saa yake ya kuonywa na saa yake ya kustaajabu, nao hawakuzichanganya kila mara.

Tena tazameni hadithi za Kisukuma zenyewe. Ni nani hapa asiyemjua Shing'weng'we, dubwana lililowameza watu wote na mifugo yao, asibaki ila mwanamke mmoja mja mzito aliyejificha? Mtoto wake, Masala Kulangwa, ndiye aliyelipasua tumbo dubwana hilo, watu wakatoka wazima. Lakini alipokuwa akipasua, kisu kilimkata bibi kizee mmoja sikio, naye, badala ya kumshukuru mwokozi wake, akamkasirikia kwa ajili ya sikio. Sikio hilo lina funzo gani? Labda lipo, na mwalimu hodari aweza kulitafuta. Lakini watoto hucheka kwanza, na kwa ajili ya kicheko hicho hulikumbuka mpaka wao wenyewe wawe vizee.

Na kwa habari ya lugha, twasema kwamba kilichokufa njiani chaweza kuzaliwa upya. Kiswahili si maskini wa michezo ya maneno. Mbuzi wetu mmoja hula majani, mwingine hukuna nazi. Kaa mmoja hutembea pwani, mwingine huungua jikoni. Paa wa mwitu hukimbia, paa la nyumba halikimbii. Mtoto aliyezoea vitendawili jioni yuko tayari kwa karamu ya yule mshona kofia kuliko wengi wa watu wazima.

Jambo la mwisho wasemalo ni hili: kitabu kinachoambiwa hakina funzo kimejaa mafunzo yaliyopinduliwa, nacho kilimcheka mwalimu kabla ya kumcheka mtu ye yote mwingine. Kila kiumbe Elisi akutanaye naye humhoji, humsahihisha, humwamuru kukariri. Yeye huwajibu kwa adabu, hukosa, huambiwa ni mjinga, na huendelea kuuliza. Na mwisho, akiwa mdogo peke yake katika baraza ya wakubwa wapiga makelele, huona kwamba hukumu itolewayo kabla ya ushahidi si hukumu, naye hulisema neno hilo kwa sauti. Bwana Dodgson, ambaye yeye mwenyewe alikuwa mwalimu, alijua alichokuwa akikifanya.

Hapa hatuna budi kukiri kosa letu. Katika darasa moja tulilolifundisha alikuwako mtoto wa mvuvi, msomaji mzito, aliyefuata kila mstari kwa kidole. Siku moja tulimpa kitabu hiki. Tukamwona anacheka peke yake, kidole kimeondoka katika mstari, macho yanakwenda mbele yenyewe. Alipokirudisha tukamwuliza, kama ilivyo desturi yetu walimu, “Je, hadithi hii yatufundisha nini?” Akanyamaza. Tukarudia swali. Akatazama chini, akasema, “Sijui, mwalimu,” kama mtu aliyekamatwa na kitu kisicho chake. Hakuomba kitabu tena muda mrefu.

Tumelifikiri jambo hilo mara nyingi. Swali letu halikuwa baya, lilikuja saa mbaya. Tulifanya kama wale viumbe wa nchi ya ajabu: tulimwona mtoto anafurahi, tukamsimamisha akariri. Tangu siku ile, mtoto akirudisha kitabu, twamwuliza, “Ni wapi ulipocheka?” Naye hutuonyesha ukurasa, na mara nyingi hueleza zaidi ya tulivyouliza.

Basi hukumu yetu ni ipi? Twaona kwamba pande zote mbili zina haki, na si lazima mmoja amshinde mwenziwe. Asiyekipenda kitabu hiki asilazimishwe. Kicheko cha kulazimishwa ni adhabu. Akipendaye asione haya kwa kuwa hakileti maonyo. Mzazi aogopaye lile shimo la Sungura na akisome pamoja na mwanawe, kisha azungumze naye kwa upole habari ya wageni na vyakula vyao. Na yeye aumiaye kwa ajili ya Kitereza amesema kweli, ila dawa ya kweli hiyo si kuukaza mlango kwa Elisi. Dawa yake ni kuvipanga Myombekere na Elisi katika rafu moja, kisha kuongeza cha tatu ambacho bado hakijaandikwa.

Kwa hiyo twawaomba ninyi wanafunzi mtusikiao jambo moja. Jioni ya leo, saa ile ile ya kumi na mbili ambayo kwa mshona kofia haipiti, kwetu hupita: jua huzama nyuma ya maji, na wavuvi wa dagaa hutengeneza taa zao, waende ziwani usiku usio na mwezi. Ketini karibu na bibi au babu, mwombeni hadithi iliyo ya uongo kuliko zote azijuazo, ile isiyo na funzo lo lote. Iandikeni kama alivyoisema. Alice wa kweli alipata kitabu kwa sababu hakunyamaza. Alimwomba mwalimu aandike. Mwaka 1928, akiwa mjane aliyepoteza wana wawili vitani, aliuza maandiko yale ya mkono kwa paundi 15,400. Mwaka 1948 watu wa Marekani waliyanunua na kuyarudisha Uingereza kama zawadi ya shukrani. Yote hayo yalitoka katika ombi la mtoto wa miaka 10.

Nasi twasema: hadithi njoo. Kwaherini.